Karibuni Tena

Mimi nashona viatu, rafiki yangu anashona nguo. Tumegawana baraza moja mbele ya duka la vifaa vya ujenzi. Yeye yuko upande wa ukutani kwa sababu ya cherehani yake, mimi niko upande wa barabarani kwa sababu mteja wa viatu hapendi kutembea pekupeku mbali. Watu wanamwita Fundi Mstari. Jina hilo alilipata kwa mshono wake. Ukiweka rula juu ya mshono wa Fundi Mstari, utaanza kuishuku rula.

Yeye si mtu wa maneno, na mimi pia siyo, ndiyo maana tumeelewana miaka yote hii. Tunaweza kukaa asubuhi nzima tukazungumza mara moja, tena habari ya mvua. Lakini kulikuwa na maneno mawili ambayo hayakumpotea. Mteja akipokea nguo yake na kugeuka kuondoka, Fundi, bila kuinua macho, alikuwa anasema, "Karibu tena." Aliyasema kwa sauti ileile moja, na mguu wake haukuacha kukanyaga cherehani. Mtu aliyekuja kuuliza njia, akielekezwa, aliambiwa karibu tena. Askari aliyekuja kututishia kutuondoa barazani, karibu tena. Mama Mayai, anayeuza mayai ya kuchemsha kwenye kona yetu, alizoea kusema, "Huyu siku mwizi akimwibia, atamsindikiza na karibu tena."

Tulikuwa tunacheka, na Fundi mwenyewe alikuwa anatabasamu huku ameuma uzi.

Kaka yake alikuwa karani wa posta. Alikuwa mtu wa mzaha na maneno mengi. Ungedhani mama yao alimpa wa kwanza maneno yote, wa pili akambakizia sindano. Kazini alivaa koti moja la kahawia, jua liwake au mvua inyeshe, na koti hilo alishonewa na mdogo wake. Kila Jumapili Fundi alikuwa anakwenda kwake. Walikaa sebuleni, kaka anasimulia vituko vya foleni ya posta, Fundi anacheka kimyakimya mpaka mabega yanatikisika. Kisha kaka akaugua, akalazwa, na hakurudi.

Siku ya mazishi, tulipotoka makaburini, watu walirudi nyumbani kwa marehemu, wakanywa chai, wakaanza kuaga. Wakubwa wa familia wakamsimamisha Fundi langoni pamoja na mjane, wawashukuru watu. Hiyo ilikuwa kazi ngumu kwa mtu kama yeye. Nilikuwa nyuma kidogo nikingoja zamu yangu ya kuaga, nikaona anavyojitahidi. Anashika mkono, asante. Anashika mwingine, asanteni kwa kuja. Watu hawaishi. Wakafika wafanyakazi wa posta, kundi zima. Akawashika mikono mmoja mmoja, na wa mwisho alipogeuka kuondoka, mdomo wa Fundi ukafanya kile ulichozoea kufanya mtu anapogeuka. Kwa sauti yake ya barazani akasema, "Asanteni sana. Karibuni tena."

Yaani waje tena msibani.

Mzee mmoja wa posta alikohoa. Mwingine akatazama viatu vyake kama vile amevivaa kwa mara ya kwanza. Fundi akafungua mdomo arekebishe, akasema, "Nilitaka kusema," na baada ya hapo hakikutoka kitu. Mjane, aliyesimama ubavuni pake, hakugeuza hata shingo.

Mimi nilibana kicheko. Nilipofika barabara kuu nilikuwa nimeshasahau, na nadhani wale wa posta walisahau kabla yangu.

Fundi hakusahau. Alikuja kuniambia baadaye jinsi jambo lenyewe lilivyoanza. Jioni ile alijiuliza kwa nini alisema vile, swali ambalo mtu yeyote angejiuliza. Kesho yake akajiuliza ni mtu wa namna gani anayeweza kusema vile mbele ya mjane. Siku zilivyokwenda, swali likaota miguu. Labda hakuwa na huzuni ya kweli. Labda hakuwahi kumpenda kaka yake. Labda Jumapili zote zile alikuwa anakaa sebuleni kwa mazoea, kama mteja. Swali moja lilizaa lingine, na hakuna lililopata jibu. Alikuwa analiona tena lango, mikono, yule mzee anakohoa. Halafu anajaribu kulisema vizuri, anasema asanteni na Mungu awabariki, anamaliza, anashusha pumzi. Halafu linaanza upya tangu mwanzo, na mdomo unakosea palepale.

Nilichokiona mimi ni kwamba aliacha kusema karibu tena. Mteja alipokea nguo, akageuka, kimya. Wengine walisita kidogo pale barazani, kama mtu aliyenyoosha mguu kutafuta ngazi isiyokuwepo. Mama Mayai hakuweza kuvumilia.

"Fundi, siku hizi hunikaribishi. Nimekukosea nini?"

"Hujanikosea, mama."

"Basi nikaribishe nisikie."

Fundi akainamia cherehani, akaikanyaga kwa nguvu ingawa haikuwa na nguo.

Baada ya hapo akaacha chai ya saa nne. Alikuwa anainunua, inakaa mbele yake mpaka inzi wanaigundua. Kisha nikasikia kwa mkewe kwamba Jumapili haendi tena kwa shemeji yake. Kila wiki ana sababu. Mara mguu, mara kazi nyingi, mara mvua, na mvua yenyewe haijanyesha.

Miezi ikapita hivyo. Binti wa marehemu akapata kazi ya ualimu katika mji wa mbali. Siku moja mke wa Fundi alikuja barazani na mfuko, akausimamisha juu ya cherehani. Ndani yake lilikuwa lile koti la kahawia.

"Shemeji yako anaomba umpunguzie binti, alivae akianza kazi. Mwisho wa mwezi anaondoka."

"Sawa."

"Na amesema ulipeleke mwenyewe. Mimi kanikataza kulirudisha."

Fundi akaanza kuukunja mdomo wa mfuko.

"Umesikia lakini?"

"Nimesikia."

Kumpunguzia mtu koti si kazi ya kumtoa jasho Fundi Mstari. Unatoa mikono, unapunguza mabega na mbavu, unairudisha mikono mahali pake. Alianza vizuri. Akatoa mkono wa kushoto, akapunguza bega, akaurudisha mkono. Akauinua kwenye mwanga, akautazama sana. Kisha akachukua wembe, akafumua.

"Umepinda?" nikamuuliza.

"Umepinda."

Mimi sikuona palipopinda, lakini mimi ni wa viatu. Nikarudi kwenye soli yangu.

Kesho yake akashona, akafumua. Siku iliyofuata vilevile. Sare za shule zikarundikana kwenye benchi, suruali za watu zikangoja zipu, na yeye yuko kwenye bega lilelile. Cherehani inalia, inanyamaza, halafu nasikia wembe unavyokata uzi, tsi, tsi, tsi. Nyundo yangu ina kelele kuliko sauti hiyo, lakini ile ya wembe ndiyo iliyonikosesha utulivu. Akitoka kwenye koti anasimama, anakwenda mpaka mtaroni, anarudi, anakaa, anasimama tena. Midomo yake ilikuwa inacheza bila sauti. Baadaye nilikuja kujua kwamba alikuwa anawaaga watu wa posta.

"Fundi," Mama Mayai akamwambia siku moja, "hilo koti unalishona au unalichuna?"

"Bado kidogo."

"Kidogo hicho kina urefu gani? Ng'ombe mwenyewe angekuwa ameshakuwa kiatu."

Nilipokuwa peke yangu naye, nilijikaza nikamuuliza kwa nini hamalizi. Akapitisha kidole kwenye bega la koti.

"Nikifika kwenye uzi wa mwisho," akasema, "naliona lango."

Hapo nikaelewa. Koti likiisha atalipeleka, na akilipeleka ataonana na shemeji yake. Kila akishona alikuwa anaukaribia mlango wa mjane, na kila akifumua alikuwa anapata nafasi ya kukimbia.

Mkewe alinifuata siku ambayo Fundi alikuwa amekwenda kununua uzi. Alikaa kwenye kiti cha wateja wangu, na viatu vyake vilikuwa vizima.

"Wewe unashinda naye. Unaona nini?"

"Naona anachokiona kila mtu."

"Nikimuuliza, ananiambia anafikiria. Kufikiria gani huku, mwezi unaisha na mwingine unaingia, jibu hakuna? Chakula anakichokonoa kama anatafuta sindano ndani yake. Nikimsemesha anaitika kutoka mbali. Na ule wembe wake." Hakuendelea.

"Nitauangalia mimi," nikamwambia.

Tangu siku hiyo, tukifunga kazi, wembe niliondoka nao kwenye kopo langu la misumari. Fundi aliona. Hakuuliza.

Mkewe alimpeleka zahanati akimwambia ni kwa ajili ya tumbo, na kweli tumbo lilikuwa linamsumbua. Kesho yake Fundi alikaa kwenye stuli yake, hakuligusa koti, akaniambia mambo mengi kuliko aliyowahi kuniambia kwa mwaka.

"Muuguzi kanipima presha, akasema presha haina neno. Akaniuliza nalala vipi. Akaniuliza ni kitu gani nilikuwa nakipenda na sasa sikipendi. Nikamwambia kushona."

"Ukamwambia na la langoni?"

"Nilimwambia. Hakucheka. Akaniuliza, 'Umelifikiria muda wote huo, umeamua nini?' Nikamwambia sijaamua kitu. Akasema, 'Basi huko si kufikiri. Anayefikiri hufika mahali, hata kama ni pabaya. Wewe unacheua. Tena ng'ombe ni nafuu, maana mwisho wake humeza.'"

Nilicheka, na yeye alikaribia kucheka.

"Halafu akaniuliza kama nimewahi kuona ni afadhali nisiwepo."

Nyundo yangu ikabaki hewani. "Ukasemaje?"

"Nikasema sijafika huko. Ila nimepaona kwa mbali, kama mji unaoupita na hutaki kushuka. Akasema nikipaona karibu nisingoje siku ya kliniki. Niende muda wowote, mlango ukiwa umefungwa nigonge. Na nimwambie mke wangu."

"Umemwambia?"

"Nimemwambia. Amelia. Halafu akanipikia kama mtu anayetoka safari."

Muuguzi alimwambia ugonjwa wake unaitwa sonona, kwamba ni ugonjwa kama mwingine na una tiba. Atakwenda kila wiki waongee, na asipopata nafuu daktari atamwangalia kwa dawa.

"Mimi nilidhani ni uvivu," Fundi akasema.

"Mimi nilidhani ni koti."

"Akasema lile la langoni likianza, nisibishane nalo. Niseme, hili limeanza, niinuke, nishike kazi nyingine ya mikono. Isiwe ya kufumua. Halafu akasema swali lenye mwenyewe nimpelekee mwenyewe. 'Kama shemeji yako aliumia au hakuumia, jibu liko kwa shemeji yako. Wewe utalipata wapi ukiwa umekaa barazani?'"

Natamani kusema kwamba siku hiyo alipona. Alichofanya ni kuanza kufagia. Alifagia baraza asubuhi, akafagia mchana, vumbi likaingia dukani mpaka mwenye duka akatoka kuuliza kama tunahama. Alinyoosha misumari yangu iliyopinda, kopo zima. Siku nyingine nilimsikia anasema kwa sauti ndogo, "Hili limeanza," anainuka anashika ufagio. Siku nyingine hakusema kitu, akarudi kwenye koti, na wembe nikausikia. Mwisho wa mwezi ulikuwa unakuja. Mkewe aliacha kuuliza. Alikuwa anapita barazani akitoka sokoni, anatazama koti, anaendelea na njia.

Basi asubuhi moja nikasikia cherehani imenyamaza na wembe hausikiki. Nikageuka. Fundi alikuwa amelishika koti mapajani.

"Nimelimaliza," akasema.

"Hongera," nikasema. "Nilijua utalimaliza."

Akalinyanyua nilione. Bega la kushoto lilikuwa limechanika kwenye mshono wote, kuanzia mbele mpaka mgongoni, kama karatasi iliyolowa. La kulia lilikuwa limeanza. Kitambaa kilichotobolewa na sindano mara zote zile hakikuwa na mahali pa kushikia uzi tena. Nilitaka kuirudisha ile hongera yangu mdomoni. Haikurudi, na hapo nikajua kidogo jinsi mwenzangu alivyojisikia langoni.

Nilitegemea atavunjika moyo. Alilikunja koti taratibu, akalitia kwenye mfuko.

"Nisindikize," akasema.

"Wapi?"

"Kwa shemeji. Sasa hivi, kabla sijaanza kulizungusha kichwani."

Nilikuwa na kiatu cha mtu nusu kina soli, nusu hakina. Nikakiacha kwa Mama Mayai. "Mwenyewe akija?" akauliza. Nikamwambia amuuzie yai.

Njiani Fundi alitembea mbio, kisha akasimama, kisha akatembea tena. Penye duka la dawa akageuka kabisa, akapiga hatua za kurudi, nikamngoja. Akarudi bila kunitazama. Aliuhamisha mfuko kutoka mkono huu kwenda huu kama una moto.

Shemeji yake alifungua mlango mwenyewe, mikono ina povu la sabuni. Akamtazama Fundi, akanitazama mimi, akautazama mfuko.

"Shemeji. Kumbe bado una miguu."

"Ninayo."

"Nilidhani nimezika ndugu wote wawili siku moja. Piteni."

Sebuleni nilikaribia kukalia kiti cha marehemu, nikakumbuka, nikasogea kwenye kigoda pembeni. Binti akaja akatuamkia, "Shikamoo baba mdogo," akakaa kwenye mkono wa kiti cha mama yake. Fundi hakungoja chai. Akalitoa koti, akaliweka mezani.

"Nimeliharibu."

Mjane akalichukua, akapitisha kidole kwenye bega, na kidole kikatokea upande wa pili. Nilitamani niwe mahali pengine popote, hata chini ya daraja.

"Umelifanya nini?"

"Nilikuwa nafumua."

"Unafumua nini mpaka kitambaa kinakwisha?"

Fundi akatazama sakafu. "Siku ile langoni," akasema. "Niliwaambia watu wa posta karibuni tena."

Jikoni bomba lilikuwa linadondosha maji kwenye beseni. Najua alichokuwa anakiombea, kwa sababu na mimi nilikiombea, kwamba mjane aseme, siku gani hiyo, mbona sikusikia.

"Nilisikia," mjane akasema.

"Ulisikia."

"Ulikuwa pale, mimi nilikuwa hapa, nisisikie nimeziba pamba? Nilisikia na niliudhika. Nilisema moyoni, huyu naye akili zinamtosha kweli? Niliudhika wiki nzima. Halafu ikaja Jumapili, hukuja. Ikaja nyingine, hukuja. Lile la langoni likanitoka, nikabaki na hili. Hili bado ninalo, shemeji. Sikufichi."

"Niliona aibu."

"Wewe uliona aibu. Mimi nikaona viti viwili vitupu."

Binti akaweka mkono begani kwa mama yake.

"Baba mdogo," akasema, "unajua baba angefanyaje na hiyo karibuni tena?"

Fundi akatikisa kichwa.

"Angeisimulia posta nzima. Angesimamisha foleni. Mtu kaja na barua yake ya haraka, anangojeshwa asimuliwe."

Mdomo wa mjane ukacheza. "Foleni tu? Angeisimulia kwenye kila harusi. Ungekoma kualikwa, shemeji."

Mabega ya Fundi yakaanza kutikisika, kama yalivyokuwa yakitikisika Jumapili zile, nikadhani anacheka. Alikuwa analia.

"Yeye ndiye ningemsimulia," akasema. "Sikuwa na mwingine wa kumsimulia."

Alilia sana. Hakuna aliyemnyamazisha. Miezi yote ile alikuwa anahangaika na maneno mawili, na nadhani hapo ndipo alipomlilia kaka yake.

Alipotulia, mjane alimletea maji, na binti akalivaa koti. Mkono mmoja ulikuwa unaning'inia kwa uzi tu. Akajitazama kwenye kioo cha ukutani, mbele na ubavuni.

"Kilichokufa ni hapa kwenye mshono tu?"

"Hapo tu. Lakini hapo hapashiki uzi tena."

"Basi toa mikono. Liwe kizibao. Huko ninakokwenda wanasema kuna joto."

"Lazima nikate palipochoka pote," Fundi akasema. "Kukata hakufumuliki."

"Ndivyo ninavyotaka."

Mjane akatafuta mkasi, akaja na wa jikoni. Fundi aliupokea kama mtu aliyepewa jembe la kunyolea ndevu, lakini aliupokea. Akatoa chaki mfukoni. Binti akasimama katikati ya sebule, mikono pembeni. Fundi akachora kwenye bega, akafuta kwa kidole gumba, akachora tena, akafuta. Mkono wake ukasimama. Nikaiona midomo yake inaanza kucheza. Mjane alikuwa hajui dalili hiyo, wala binti. Ni mimi tu niliyeijua, na mimi sipendi kusema mbele za watu.

"Fundi," nikasema. "Kata."

Akakata. Alizunguka bega la kushoto bila kusimama, akahamia la kulia, akazunguka. Mikono miwili ya kahawia ikaanguka sakafuni. Mjane aliiokota, akaikung'uta, akaikunja, akaiweka juu ya kiti cha mumewe.

Fundi akarudi nyuma, akatazama. Upande wa kushoto ulikuwa umeshuka kidogo kuliko wa kulia. Niliona, na nikaona kwamba ameona.

"Huku kumeshuka," akasema.

Binti akageuka kwenye kioo. "Kumeshuka kweli," akasema. "Hata baba alikuwa bega moja limeshuka. Pinda hivyohivyo."

Fundi akachomoa sindano kwenye ukosi wa shati lake, akapinda kingo palepale kwa mkono, binti amekaa mbele yake kwenye kigoda changu na mimi nimesimama. Hakufumua hata mahali pamoja. Jasho lilikuwa linamtoka kama anapakua mizigo.

Tulipoaga, mjane alitufikisha mlangoni. Akaegemea mwimo, akasema, "Haya, shemeji. Karibu tena."

Tukaondoka. Hatukufika mbali.

"Umesikia alivyosema?" Fundi akaniuliza.

"Nimesikia."

"Alikuwa ananitania au ananisema?"

"Sijui."

"Alikuwa anatabasamu?"

"Nilikuwa nafunga kamba za kiatu."

Akatembea kidogo. "Kama ananisema, basi bado ana kinyongo, na alinikaribisha kwa adabu tu. Kama ananitania, basi mbona alisema taratibu vile? Mtu akitania hasemi taratibu. Labda..." Akasimama katikati ya njia, mwenye baiskeli akamkwepa akimtupia maneno. Midomo ilikuwa inakwenda.

"Hili limeanza," akasema.

Akageuka, akarudi tulikotoka, mbio, mimi nyuma yake. Akagonga mlango. Mjane akafungua, safari hii ameshika mwiko.

"Umesahau nini?"

"Shemeji, ile karibu tena. Ulikuwa unanitania au unanisema?"

Mjane alimtazama muda mrefu, mpaka nikaona haya kwa niaba ya wote.

"Vyote viwili," akasema. "Jumapili uje."

"Nitakuja."

"Haya nenda, chungu changu kinaungua."

Binti amekwenda kazini kwake na kizibao kilichoshuka upande. Fundi bado anakwenda zahanati. Kuna wiki anarudi mwepesi, kuna wiki anarudi na kushika ufagio bila kutuamkia, na mwenye duka anafunga mlango mapema. Wembe amerudishiwa, yeye ndiye aliyeniomba. Jumapili anakwenda kwa shemeji yake. Nasikia anakaa kwenye kiti chake kilekile na kuongea ni kidogo vilevile.

Na wateja wameanza tena kuambiwa karibu tena, ila si kama zamani. Sasa anasimamisha mguu kwenye cherehani na kuinua macho, aone kwanza anamwambia nani. Juzi yule askari wa kututishia alipita, akatufokea, akageuka kuondoka. Fundi akainua macho, akamtazama vizuri, akaendelea kushona.